Gari Lililoliwa na Kutu Hupimwa kwa Timazi

Mwenye gari la zamani lililoshikwa na kutu huanza kwa kuuliza bei. Fundi naye, akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye gari, hutaja kiasi. Hapo ndipo kazi nyingi za kufufua magari zinapoharibika, maana wote wawili wanapatana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. Kutu iliyo wazi kwenye madigadi na boneti huogofya macho, lakini mara nyingi ndiyo yenye madhara madogo. Ile inayoamua maisha ya gari imejificha ndani ya boriti, chini ya zulia, nyuma ya puti iliyopakwa miaka kumi iliyopita. Ninachokitetea hapa ni jambo moja. Kama gari linafaa kufufuliwa au halifai, jibu halitokani na wingi wa kutu, wala halitokani kwanza na bei. Linatokana na mahali kutu ilipo, na hasa kama kimebaki chuma kizima cha kutosha kutuonyesha umbo la gari lilikuwaje siku lilipotoka kiwandani. Kwa kipimo hicho gari lenye matundu hamsini linaweza kuwa zima, na lenye matundu manne likawa limekwisha.

Tuanze na kutu yenyewe. Watu huisema kama uchafu uliokaa juu ya chuma, unaoweza kusuguliwa kwa msasa ukaondoka. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Kikikutana na oksijeni na maji, chuma huanza kurudi kwenye hali inayofanana na ile ya udongo wa madini kilikotolewa. Aluminiamu nayo hushikwa na hewa, lakini ngozi inayotokea juu yake hushikamana na kuzuia hewa isipenye zaidi. Ngozi ya chuma haishikamani. Hufumuka, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kati ya mara 2 na mara 6 kutegemea maji iliyoyabeba, kisha hubanduka magamba na kuacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe. Ndiyo sababu mabati mawili yaliyochomelewa pamoja hutenganishwa na kutu iliyo katikati yake kana kwamba mtu amepigilia kabari. Malengelenge ya rangi unayoyaona nje ya mlango si mwanzo wa ugonjwa. Mara nyingi yameanzia upande wa ndani, kwenye maungio ambayo maji hunyonywa na rangi haikuwahi kufika.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye gari la zamani angepaswa kuijua. Bati la bodi la magari mengi ya enzi hizo lina unene usiofika milimita 1. Likiliwa nusu, nguvu yake ya kuvutwa hupungua nusu, na hilo kila mtu analitarajia. Lakini ukinzani wa bati bapa dhidi ya kupinda hufuata kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo unene ukipungua nusu, ukinzani huo hubaki moja ya nane. Bati la namna hiyo bado linashika rangi, bado linang'aa likioshwa, ila kazi ya kubeba limeshaiacha. Macho hayawezi kuliona hilo.

Chumvi huongeza kasi. Kutu ni shughuli ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Chumvi ya bahari ina ubaya wa ziada: chumvi ya kawaida huvuta unyevu na kulowa pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75, na chumvi za magnesi zilizomo kwenye maji ya bahari hulowa hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Kwa gari la Zanzibar, Tanga au Lamu maana yake ni kwamba vumbi la chumvi lililoingia ndani ya boriti ni nadra likauke kabisa. Chembe zinazorushwa na mawimbi hupungua sana kadiri unavyoondoka ufukweni, kwa hiyo magari mawili ya umri mmoja, moja la Dodoma na jingine lililolala miaka mitano mbele ya bahari Malindi, hayapimwi kwa jicho moja. Pikapu iliyobeba samaki na barafu ishukiwe popote ilipo, hata kama imetunzwa bara, maana maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka kutoka ndani. Na gari lililotoka maeneo ya theluji ya Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, linaweza kufika bandarini likiwa tayari na maradhi chini yake huku juu likimetameta.

Sasa turudi kwenye umbo. Gari ni vipimo vilivyovaa chuma. Ili tairi zikimbie sawa, mlango ufunge bila kubamizwa, na kioo cha mbele kisipasuke ndani ya fremu yake, sehemu kadhaa lazima zikae zilipokusudiwa kwa tofauti ya milimita chache tu. Sehemu hizo si nyingi: zinapofungwa springi na shokomzoba, unapofungwa usukani, zilipo bawaba za milango, boriti za chini ya milango, na pembe za fremu ya kioo cha mbele. Fundi anapokata bati bovu hushona jipya kwenye ukingo wa bati zima, na ukingo ule ndio unaomwambia jipya likae wapi. Ukingo ukikosekana anakisia. Akikisia kwenye madigadi, gari litakuwa na kasoro ya urembo. Akikisia pale springi inapoegemea, litakuwa na kasoro inayotembea barabarani kwa kilomita 80 kwa saa likiwa na watu ndani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Land Rover za zamani, zile za Series zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985. Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao, kwa hiyo paneli nyingi za bodi zikafanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na magnesi. Kutokana na hilo imezuka imani kwamba Land Rover haishikwi na kutu. Kinachoibeba ni chasisi ya chuma, na mbele ya dereva kuna ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, ambao ndio unaoshika bawaba za milango, usukani na kioo. Viwili hivyo vinaoza kama chuma kingine chochote. Tena aluminiamu inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukitoka kwenye maungio na kuzunguka bolti. Hata hivyo gari hili husamehe sana. Chasisi yake iliundwa kwa mabati bapa yaliyochomelewa yakawa boksi refu, njia iliyochaguliwa ili kukwepa gharama za mashine kubwa za kukandamizia chuma, na kile kilichounganishwa hivyo kiwandani fundi mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea anaweza kukirudia. Boriti ya nyuma huuzwa ikiwa tayari. Hadi leo viko viwanda Uingereza vinavyotengeneza chasisi nzima mpya na kuichovya kwenye zinki. Bodi nayo hufunguliwa kwa spana, kipande baada ya kipande. Kwa hiyo Land Rover ambayo chasisi yake imeoza nusu, lakini ukuta wake wa mbele umesimama wima na milango inaingia mahali pake, ningeshauri ifufuliwe. Ukuta ule ukiwa umeliwa pembe za juu pamoja na nguzo za milango, uamuzi unageuka, hata kama chasisi ni nzima na paneli zinang'aa, hadi upatikane ukuta mwingine mzima.

Volkswagen Beetle, lile gari la mgongo wa mviringo, liko katikati. Zaidi ya milioni 21 yalitengenezwa kabla ya la mwisho kutoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, na kwa wingi huo spea zake za bodi bado zinatengenezwa. Lina sakafu yenye mgongo wa katikati, na bodi inayofungwa juu yake kwa bolti kuzunguka kingo. Betri ya Beetle imewekwa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali iliyodondoka miaka na miaka huitoboa sakafu hapo kabla ya mahali pengine popote. Mtu akiona barabara kupitia sakafu hudhani gari limekufa. Halijafa. Nusu za sakafu huuzwa, huchomelewa kwenye mgongo wa katikati, na mgongo ukiwa mzima hakuna kinachokisiwa. Ugumu uko kwenye mifereji ya hewa ya moto iliyo chini ya milango, iliyokusudiwa kupeleka joto la injini kwa abiria wa nchi za baridi. Hapa kwetu joto lile halina mteja, lakini mifereji hiyohiyo ndiyo inayoipa bodi ukakamavu wake wa chini. Ikioza, na mtu akainua bodi kuitenganisha na sakafu bila kwanza kuchomelea vyuma vya muda vya kushikilia nafasi za milango, bodi hujikunja kwa uzito wake yenyewe. Kuanzia hapo milango haifungi, na kila marekebisho huzaa marekebisho mengine. Magari ya namna hii hayakuuawa na kutu. Yaliuawa siku ya kwanza ya matengenezo.

Kisha kuna magari yasiyo na chasisi ya peke yake. Peugeot 504, iliyoanza 1968 na kuunganishwa kwa miaka mingi Kenya na Nigeria, ndiyo tunayoifahamu zaidi, na huko Kenya toleo lake la mzigo na abiria lilifanya kazi ya teksi za masafa marefu kwa kizazi kizima. Ndani yake bati jembamba lililokunjwa na kushonwa kwa nukta nyingi za moto ndilo sakafu, ndilo kuta, na ndilo linalobeba uzito. Mbele, shokomzoba na springi yake husimama wima na kuegemea kikombe cha bati kilichochomelewa ndani ya madigadi. Uzito wote wa pembe ile ya gari unaishia hapo. Kikombe kikiliwa pamoja na bati linalokizunguka, fundi hana tena kitu kinachomwambia kilikuwa juu kiasi gani na kimeinama upande gani, na pembe hizo ndizo zinazoamua gari linavyoshika barabara. Kampuni ya magari ya Lancia iliwahi kulipia udhaifu wa aina hii kwa jina lake: mwaka 1980 iliyanunua tena magari ya Beta kutoka kwa wateja wake wa Uingereza, kwa kuwa kutu ilikuwa imedhoofisha sehemu inayofungwa fremu ndogo iliyobeba injini. Magari yale hayakuwa na umri mkubwa, na mengine kwa nje yalionekana safi.

Kwa hiyo kagua kabla ya kuuliza bei, na kagua kwa mikono. Ng'oa zulia na viti. Gonga boriti kwa nyundo ndogo kuanzia penye uzima kuelekea penye shaka. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu kama wa mbao mbichi. Bonyeza kwa bisibisi pasipolia. Pitisha sumaku juu ya milango na madigadi, nayo ikikataa kushika ujue chini kuna puti, isipokuwa kwa Land Rover ambayo aluminiamu yake haishiki sumaku hata ikiwa mpya. Kisha inua gari kwa jeki mahali panaporuhusiwa, upande mmoja, na ufungue mlango wa upande huo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukikwama ghafla, bodi inapinda, na hakuna rangi itakayoificha habari hiyo. Mwisho tumia chombo cha waashi. Weka gari juu ya stendi kwenye sakafu iliyo sawa, shusha timazi kutoka kwenye tundu za bolti za springi za mbele na za nyuma, pande zote mbili, weka alama za chaki sakafuni, shusha gari na ulisukume pembeni, halafu pima kwa utepe kutoka kona hadi kona. Mistari miwili ya mshazari ikilingana, au ikitofautiana kwa milimita chache, umbo lipo. Ikitofautiana kwa sentimita nzima na zaidi, ama gari liligongwa zamani ama limelegea. Kazi hii yote ni ya siku moja na haihitaji mtambo wowote. Mlipe fundi siku hiyo kwa ukaguzi pekee, bila kumwahidi kazi inayofuata, maana anayesubiri kazi ya miezi sita ana sababu ya kuona matumaini.

Litakuja pingamizi kwamba nadharau mafundi wetu. Wapo Gerezani ya Dar es Salaam, Kariobangi ya Nairobi na Katwe ya Kampala watu ambao ukiwaonyesha kipande cha bati kilichopondeka watakuundia chake kipya kwa nyundo na reli ya treni, na watu hao kweli hawashindwi na umbo la bati. Sibishani nalo, nalitegemea. Ustadi huo ndio unaofanya wingi wa kutu usiwe hoja, kwa sababu paneli yoyote inayoonekana inaweza kuigwa. Lakini ustadi wa kuunda kipande ni tofauti na kujua kipande kikae wapi. Kiwandani vipande vilishikwa na vishikizo vizito vya chuma vilivyokataa kosa. Gereji yetu haina vishikizo hivyo, na badala yake ina gari lenyewe. Gari likiwa limepoteza vipimo vyake, fundi stadi na fundi mwanafunzi wote wanakisia, isipokuwa kisio la stadi litapendeza zaidi. Dawa ipo pale linapopatikana gari jingine zima la aina ileile la kupimia. Anayeweza kulipata na kuliweka kando kwa muda wote wa kazi, ana haki ya kujaribu hata kilichoonekana hakiwezekani.

Pingamizi la pili ni la vitendo: gari la namna hii limetembea miaka ishirini kwa kiraka juu ya kiraka, puti juu ya puti na oili chafu chini ya chasisi, na bado linatembea. Limetembea, kweli. Oili hupunguza kasi ya kutu kwa sababu huzuia maji kugusa chuma; lakini oili chafu huharibu mpira wa bushi, hudondoka na kuchafua udongo na visima, na hufanya uchomeleaji wa baadaye kuwa mgumu na wa hatari ya moto. Nta au grisi iliyoingizwa ndani ya boriti baada ya kukauka hufanya kazi ileile bila madhara hayo. Kiraka kilichobandikwa juu ya bati bovu ni suala jingine. Kinaunda mfuko mpya wa maji kati ya mabati mawili, na kinachomelewa kwenye kingo ambazo nazo zimekonda, hivyo mwaka unaofuata tundu huonekana kuzunguka kiraka. Kila kiraka cha namna hiyo pia hufunika alama moja ya umbo la awali. Gari lililobandikwa sana ni gumu kufufua kuliko lililoachwa lioze waziwazi, na ningependa wenye magari walijue hilo mapema: kama huna fedha za kazi kamili mwaka huu, kausha, paka nta, weka kivulini, acha.

Bei sasa. Wengi husema gari lisifufuliwe kama kazi inazidi thamani yake sokoni. Tuseme likikamilika litauzwa shilingi milioni 15, na kazi itakula milioni 22. Kwa hesabu hiyo karibu hakuna gari la zamani ambalo lingefufuliwa popote duniani. Mlinganisho huo hauko sawa. Cha kulinganishwa ni gharama ya kulifikisha gari hili kwenye hali njema na gharama ya kulifikisha hapohapo jingine la aina hiyo lenye bodi kavu zaidi. Nikiwa na Beetle la Mombasa lililooza mifereji, na kuna jingine Nanyuki lisilo na injini lakini bodi yake inalia kama kengele, la Nanyuki ndilo rahisi hata likiuzwa ghali mara mbili, kwa kuwa injini hununuliwa na kufungwa kwa siku chache, ilhali umbo hununuliwa kwa miezi ya kuchomelea. Wenye magari hufanya kinyume: huanza na injini na viti, humaliza na rangi, na chuma hukifikia fedha zikiwa zimekwisha. Ugumu wa kweli ni kwamba kwetu gari jingine halipatikani kila siku. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo bodi kavu ya 504 haiagizwi kutoka nje. Itafutwe nchini, bara, kwenye mashamba na misheni. Pale lisipopatikana lingine, thamani ya lililopo inapanda, na kazi ambayo ingekuwa upuuzi kwa gari la kawaida inaanza kuwa na maana. Lakini inapata maana kwa gari ambalo umbo lake lipo. Uhaba hauumbi vipimo.

Pingamizi zito kuliko yote si la fedha. Gari lilikuwa la baba, lilimpeleka mama hospitali, ndilo gari la kwanza la ukoo. Nani anathubutu kusema halifai? Siwezi kulipuuza, na nadhani wengi hulijibu vibaya kwa sababu huchanganya mambo mawili. Kuhifadhi si kufufua. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanatunza magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, likiwemo la Mwalimu Nyerere, na hakuna anayedai yapite barabarani ndipo yawe na thamani. Thamani yake iko katika kuwa chuma kilekile, rangi ileile, kiti kilekile. Gari la baba likifufuliwa kwa kukatwa sakafu, boriti, nguzo na madigadi, na kuvikwa vyote vipya, kinachobaki cha baba ni kidogo mno, pengine usukani na kibao cha namba. Mwenye huzuni ya kweli juu ya gari angefanya vyema zaidi kusimamisha kutu pale ilipofika: kulisafisha, kulikausha, kupaka tindikali ya fosfori inayogeuza kutu nyembamba kuwa ngozi tulivu, kuingiza nta, na kuliweka chini ya paa mbali na upepo wa bahari. Litadumu, na watoto watakaa ndani yake. Likirudishwa barabarani kwa chuma cha kukisia, linaweza kuwaua watoto haohao.

Sheria nayo ina neno. Namba ya chasisi ndiyo kitambulisho cha gari, na kwa magari kama 504 namba hiyo imepigwa kwenye bodi yenyewe. Anayekata kipande chenye namba na kukichomelea kwenye bodi ya gari jingine anatenda kosa, hata kama nia yake ni njema na magari yote mawili ni yake. Chasisi mpya ya Land Rover nayo inaleta swali lilelile. Ulizia Mamlaka ya Mapato (TRA) kama uko Tanzania, au Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kama uko Kenya, kabla grenda haijawashwa, na utunze picha na risiti za kila hatua.

Na ukipima ukakuta umbo limekwenda, usiliuze zima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao watalipima kwa kilo. Fungua kwanza vioo, bawaba, vitasa, taa, saa za dashibodi, fremu za madirisha na kila bolti inayotoka. Chora vipimo vya sehemu zilizobaki sawa na uvitunze, maana mtu mwingine mwenye gari kama lako atavihitaji siku atakapofika kwenye ukingo uliokosekana. Kioo cha mlango kilichotolewa kizima kwenye gari lililokufa kinaweza kuwa ndicho kitu pekee kinacholizuia gari jingine, kilomita 600 kutoka hapo, lisirudi barabarani.